Kabla ya Kukosoa, Tuulize Kipimo Kilianzia Wapi

Likizo iliyopita, nilipokuwa nyumbani Voi, mpwa wangu aliye katika shule ya upili alinionyesha kazi iliyomchukua majuma mengi. Alikuwa akikiunda kiwanja kidogo cha ndege cha Ikanga ndani ya programu ya kompyuta inayoiga urubani.

"Mjomba," aliniambia kwa huzuni, "ndege yangu inatua vichakani."

Nilipotazama, niliona kweli kwamba barabara ya ndege aliyoichora ilikuwa imelala juu ya migunga, ilhali ile iliyoonekana katika picha ya setilaiti ilikuwa mbali upande wa kaskazini. Mwalimu mmoja alikuwa amekwisha kumwambia kwamba huo ni mchezo tu, tena mchezo uliokosewa. Nami nadai kwamba kosa lile lilikuwa na elimu kubwa kuliko majibu mengi tunayoyatilia alama ya vyema.

Katika programu hizo, ardhi huumbwa kwanza kwa vipimo vya mwinuko, kisha hutandikwa picha zilizopigwa kutoka angani, kipande kando ya kipande, kama mkeka unaoshonwa kwa kili. Kila kipande sharti kijulikane pembe zake ziko katika latitudo na longitudo gani. Pembe zikikosewa, mto hukatika ghafla na barabara huishia porini. Mahali penye milima kama Sagalla pana taabu zaidi, kwa kuwa picha iliyopigwa kwa mshazari huyasogeza mabonde na vilele kwa viwango tofauti. Aidha, kipande kilichopigwa wakati wa kiangazi, udongo wa Tsavo ukiwa mwekundu, hakifanani na jirani yake kilichopigwa baada ya mvua.

Kosa la kijana wangu, hata hivyo, halikutokana na milima wala majira. Ncha za barabara ya ndege alizichukua kutoka vipimo vya GPS. Picha nayo aliitandika kwa kufuata alama kama daraja la reli na njia panda, ambazo vipimo vyake alivisoma katika ramani ya zamani ya 1:50,000, ya aina ile ile tunayofundishia Jiografia. Ramani hizo zilichorwa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, unaoichukulia dunia kuwa na umbo lililokadiriwa na Clarke mwaka 1880. GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84. Kwa hiyo nambari zile zile, zikisomwa kwa misingi hii miwili, huonyesha mahali pawili palipoachana kwa takriban mita 300 hapa kwetu. Kijana alisoma sawasawa na akaandika sawasawa. Alichokosa ni mtu wa kumwuliza: je, umepima kutoka wapi?

Kabla ya kunijia, alijaribu kukivuta kipande kwa macho mpaka barabara mbili zikalingana. Kiwanja kikakaa vizuri, lakini reli ikakatika ilipoingia katika kipande cha pili. Ndivyo ilivyo kila mara tunapolificha kosa mahali linapoonekana badala ya kulitafuta lilikoanzia. Tulipozigeuza nambari zote kutoka msingi wa kwanza hadi wa pili, vipande vyote vilihama pamoja, na reli ikaunganika.

Mimi ni mtu wa isimu, wala si mpimaji ardhi, lakini jambo hili nalifahamu kutoka upande wa lugha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo, mtoto anayesema Kimvita cha nyumbani kwao huambiwa amekosea, na mtoto wa Kidawida anayeleta muundo wa lugha ya mamaye hupigwa mstari mwekundu bila maelezo. Usanifu una manufaa yake, kama vile rubani anavyohitaji msingi mmoja wa vipimo. Lakini Kimvita si Kiunguja kilichoharibika, wala Arc 1960 si WGS 84 iliyokosewa. Kila kimoja ni sahihi kwa asili yake, na kazi ya mwalimu ni kumfundisha mwanafunzi namna ya kuvuka kutoka hapa hadi pale.

Basi, walimu wenzangu, anapokuja mwanafunzi na jibu lililokaa kando, tusikimbilie kalamu nyekundu. Tumwombe atuonyeshe alipoanzia. Nanyi wanafunzi, msione haya kuichora Voi kwa sababu mtu amewaambia ni mchezo. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na asiyeijua asili ya kipimo chake atatua vichakani.