Fungate, Si Mwezi wa Asali

Mpwa wangu alipoolewa Unguja, ukoo mzima ulivuka kwa boti kutoka Dar es Salaam. Tulipewa ratiba yenye kichwa "Mwezi wa Asali": Mji Mkongwe, mashamba ya viungo, kisha Jozani kutazama kima punju. Ziara ilipendeza. Jina ndilo lililonikera.

Kiswahili kina fungate, siku saba za maharusi baada ya ndoa, na hesabu imo ndani ya neno lenyewe. Saba tumeipokea kutoka Kiarabu. Jirani zetu Wagiriama na Wadigo hadi leo wakifika hapo husema fungahe. Fungate, basi, ni saba yetu ya kale, iliyojihifadhi katika nyumba ya harusi baada ya kuondolewa sokoni. Nani aitupe kwa ajili ya asali ya kutafsiriwa?

Nitaambiwa kuwa fungate ni ya kukaa ndani na somo, haiwafai maharusi wanaokula urojo Forodhani wakifuatwa na shangazi na wajomba (nami nikiwamo). Sikubali. Huo "mwezi" wa Waingereza nao mara nyingi hautimizi hata wiki mbili, na hakuna aliyewataka waubadili jina. Mpwa wangu alikaa siku nne. Nazo ni fungate.

Washairi mnaotunga tungo za harusi, neno hili lina mizani tatu tu, na kina cha "te" hakina uhaba: pete, sote, tuipate.