Arua Katika Vitabu vya Marejeo

Mtoto wa askari aliyeko Arua au Koboko, akiagizwa na mwalimu kuandika habari za kale za kwao, aghalabu huendea ensaiklopidia, hutafuta neno "Uganda", asione lolote juu ya Arua ya mwaka 1900, akakata tamaa. Kitabu hakina kosa. Mwaka huo sehemu hizo hazikuwa Uganda.

Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji eneo la Lado, magharibi ya Nile. Alipofariki Desemba 1909, eneo hilo likaingia Sudan mwaka 1910, na sehemu ya kusini ikatiwa Uganda mwaka 1914. Basi mtafiti hana budi kuipekua faharasa penye Kongo, penye Sudan, ndipo penye Uganda; na neno "Lado" litamfupishia safari. Majina ya watu nayo yana vituko vyake. Padri Crazzolara, katika sarufi yake ya 1960, aliandika Logbara; John Middleton mwaka 1965 akaandika Lugbara. Ashikaye tahajia moja hupitwa na kitabu kizima.

Vitabu vyenyewe hugombana. Idi Amin, kwa baadhi yao, alizaliwa Koboko. Kwa wengine, Kampala. Mwaka nao ni 1925 hapa, 1928 pale. Mwanafunzi asichague limpendezalo, wala asisikilize kelele za sokoni. Na aandike yote mawili, ataje kila neno limetoka wapi. Polisi mwema hafungi jalada kwa shahidi mmoja.

Jambo hili si dogo kwa watu wa West Nile, ambao wageni wengi wamewaandika kana kwamba walizaliwa na bunduki mkononi. Mark Leopold (asidhaniwe kuwa ndugu wa mfalme yule) aliyachunguza maandishi ya namna hiyo katika kitabu chake cha 2005. Kijana asiyejua kufuata habari hadi chanzo chake atayanakili matusi hayo akidhani ni elimu.

Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa Arua mwaka 2013, kina maktaba, na mkutubi yupo ili aulizwe. Vitabu vya marejeo kwa kawaida haviazimwi, kwa hiyo mzazi ampe mwanawe daftari na kalamu, naye anakili jina la mwandishi, kitabu, mwaka na ukurasa kabla hajakirudisha kitabu rafuni.