Tumbaku: makanisa na swali la muuzaji

Moshi wa shisha ni sehemu ya sura ya Edgware Road, barabara ya London inayoanzia Marble Arch kuelekea kaskazini na inayofahamika kwa mikahawa yake ya Kiarabu. Tangu tarehe 1 Julai 2007, sheria ya England inakataza uvutaji ndani ya sehemu za kazi na za umma zilizofungwa. Ndiyo maana viti na mabomba ya shisha huonekana nje, kando ya barabara.

Sheria hiyo ilikusudia kumlinda jirani wa mvutaji. Makanisa ya Kikristo, kwa upande wao, kwa muda mrefu yamemhubiria zaidi mvutaji mwenyewe.

Heshima ya ibada

Biblia haiitaji tumbaku, mmea uliofika Ulaya kutoka Amerika baada ya safari za Columbus. Mwaka 1642, Papa Urban wa Nane aliipiga marufuku katika makanisa ya dayosisi ya Seville, Hispania. Kilichomsumbua kilikuwa heshima ya ibada, wala si afya ya mapafu ya waumini.

Jijini London, mhubiri mashuhuri wa Kibaptisti, Charles Spurgeon, alizusha mjadala mwaka 1874 alipotangaza kanisani kwamba haoni dhambi katika uvutaji wake. Jeshi la Wokovu, lililozaliwa mashariki mwa jiji hilo hilo, lilishika njia nyingine: askari wake huahidi kutotumia tumbaku kabisa.

Ushahidi wa kitabibu ulikuja baadaye. Mwaka 1950, watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliochunguza wagonjwa wa hospitali za London, walionyesha uhusiano mkubwa kati ya sigara na saratani ya mapafu. Tangu hapo, mafundisho ya Mtume Paulo kwa Wakorintho kwamba mwili ni hekalu yamepata uzito mpya. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, zaidi ya milioni 1 kati yao wakiwa watu wasiovuta.

Shisha nayo haina nafuu. Maji hupoza moshi lakini hayaondoi sumu, na mkaa unaowaka juu yake huongeza gesi ya kaboni monoksaidi.

Mkono wa muuzaji

Hata hivyo, hoja ya hekalu ina upungufu. Inamtwisha mvutaji mzigo wote, ilhali wengi hunaswa na nikotini wakiwa bado vijana, na kuna wanaonufaika na kunaswa kwao.

Waadventista Wasabato wamekwenda mbali zaidi. Nadhiri yao ya ubatizo humtaka muumini asitumie tumbaku, wala asiitengeneze, wala asiiuze. Vatican nayo ilisitisha uuzaji wa sigara mwaka 2018 kwa uamuzi wa Papa Francis, kwa hoja kwamba haifai kufaidika na kitu kinachodhuru afya za watu.

Afrika Mashariki, suala hili huingia moja kwa moja katika riziki. Tabora, nchini Tanzania, na Migori, magharibi mwa Kenya, ni maeneo ya kilimo cha tumbaku. Huko, anayehubiri dhidi ya tumbaku huenda anazungumza na mzazi anayelipa ada ya shule kwa fedha za zao hilo. Mkulima huyo naye hudhurika: nikotini hupenya ngozi anapovuna majani mabichi, na miti hukatwa kwa ajili ya kuyakausha. Kumwita mwenye dhambi bila kumwonyesha zao mbadala ni kumwongezea mzigo. Mradi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa huko Migori, unaowahamisha wakulima kutoka tumbaku kwenda maharage, unaonyesha kwamba njia ipo.

Nchini Uingereza, muswada uliowasilishwa bungeni Novemba 2024 ulipendekeza kuwa ni kosa kumuuzia tumbaku yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2009. Adhabu ilielekezwa kwa muuzaji, si kwa kijana anayevuta.

Makanisa yana hoja ya zamani zaidi ya sheria hiyo, nayo ni amri ya kumpenda jirani. Yakiitumia kwa mvutaji tu na kumnyamazia anayefaidika, mahubiri yao yatakuwa yamefika nusu ya njia.