Anayetaka Kukaza Uso Asiende kwa Siri

Katika kikao chetu kilichopita mwenzetu mmoja alitaja upasuaji wa kukaza uso, na chumba kizima kikaangua kicheko. Nami nilicheka. Nikiwa njiani kurudi bwenini niliona haya, kwa maana kicheko cha namna hiyo ndicho kilichomfanya shangazi yangu atudanganye. Amenipa ruhusa niandike, mradi nisitaje jina lake.

Alituambia anakwenda Istanbul kununua mapazia. Alirudi baada ya siku saba, ushungi umefungwa hadi kidevuni, na mapazia hatukuyaona. Miezi ikapita, kisha siku moja akaniita chumbani na kunionyesha nyuma ya masikio. Kila upande palikuwa na kovu nene, gumu, linalowasha, lililoota kupita mpaka wa jeraha lenyewe. Madaktari huliita keloidi. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na aliyewahi kuota moja ana hatari kubwa ya kuota nyingine. Ukoo wetu wote unajua kwamba shangazi alipotogwa masikio utotoni palivimba vivyo hivyo, hata akaacha kuvaa hereni. Kliniki iliyomuuzia tiketi, hoteli na upasuaji kwa bei moja haikumuuliza, na sisi tuliokuwa tunajua hatukuambiwa.

Wapo watakaosema angebaki na uso aliopewa na Mungu. Nawaelewa. Ila maneno hayo hayakumzuia. Yalimfundisha kuficha tu.

Tusidhani ni jambo la kupaka dawa. Mkato huanzia panjani ndani ya nywele, hushuka mbele ya sikio, huzunguka ndewe na kupanda nyuma yake. Ngozi huinuliwa, tabaka la misuli na utando lililo chini yake hukazwa kwa nyuzi, kisha ngozi iliyozidi hukatwa. Jirani na tabaka hilo hupita neva zinazoendesha uso. Ikiguswa mojawapo, mdomo waweza kwenda upande, mara nyingi kwa muda, mara chache moja kwa moja. Na baada ya yote hayo makunyanzi ya kipaji yanabaki palepale, na mtu anaendelea kuzeeka kama sisi wengine.

Tatizo linalotokea zaidi ni damu kuvilia chini ya ngozi, hasa katika saa 24 za mwanzo. Shavu moja huvimba ghafla na kuuma, na mgonjwa huenda akahitaji kurudishwa haraka chumba cha upasuaji. Shinikizo la damu huongeza hatari hiyo, na wanaume hupatwa zaidi kuliko wanawake. Mvutaji sigara ana lake: nikotini hubana mishipa ya damu, na ngozi iliyoinuliwa yaweza kufa kwa kukosa damu. Sasa saa nane za usiku, nani ataona kwamba shavu la kushoto limeizidi la kulia? Shangazi alilala hotelini peke yake. Hilo linaniudhi kuliko makovu.

Wanaobaki hapa Uingereza nao wasilale. Sheria haimlazimu anayekaza uso awe bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Leseni ya udaktari yatosha. Kwa hiyo tafuta jina lake katika rejesta ya General Medical Council, ambayo iko wazi kwenye intaneti, uone kama ameandikwa kuwa bingwa wa fani hiyo. Mwongozo wa baraza hilo wa mwaka 2016 unamtaka mpasuaji mwenyewe azungumze na mgonjwa na kupata ridhaa yake, asimwachie muuzaji. Ukiambiwa kuna punguzo ukilipa leo, chukua koti lako uondoke. Najua bei ya hapa yaweza kufika paundi 10,000 au kuzidi, na ndiyo maana watu wanapanda ndege. Basi wapande na mtu wao.

Shangazi sasa anadungwa sindano za steroidi katika makovu, nami humsindikiza. Mara ya kwanza alinisihi, "Mwanangu, waambie nyumbani tunakwenda sokoni." Nilikataa. Safari ya pili mama alikuja nasi, akamshikia wifi yake mkoba.