Umeme na Kidonda Kisichofunga

Mwalimu mmoja ameniletea swali. Baba yake amepooza tangu kiunoni hata miguuni, naye amepata kidonda kwa kulala sana. Mwezi wa nne huu hakifungi. Mwalimu amesikia ya kwamba umeme huponya vidonda, akanuia kukitia nyaya za betri ya motokaa. Nalimsihi angoje kwanza.

Habari aliyoisikia si uongo. Katika mwaka 1843 bwana Emil du Bois-Reymond wa Berlin alipima kidole chake kilichokatwa, akaona umeme mdogo watoka jerahani. Umeme huo ni wa mwili wenyewe. Ngozi huvuta chumvi kuipeleka ndani, na kwa hiyo nguvu ya umeme ya ndani na ya nje hazilingani. Ngozi ikipasuka, umeme huvuja pale kama maji penye ufa wa mtungi, nazo chembe hai za ngozi huufuata kama njia, zikaenda kuziba.

Basi matabibu hujaribu kuusaidia umeme huo. Huweka kibandiko kimoja kidondani na kingine kando, wakapitisha umeme hafifu uliopimwa, mara nyingi kwa muda wa saa moja hivi, kwa majuma mengi. Wengine huamsha mishipa ya fahamu iliyo karibu, ili mishipa midogo ya damu ifunguke. Mwaka 2020 wataalamu walikusanya majaribio 20 yenye wagonjwa 913 wa vidonda vya kulala, wakaona yaelekea umeme huongeza idadi ya vidonda vinavyopona.

Lakini betri ya motokaa haina kipimo, nayo yaweza kuunguza nyama. Mtu mzima angepiga kelele. Aliyepooza huenda asisikie moto, akaungua kimya. Tena umeme haufai penye saratani, wala kwa mtu aliyewekewa chombo cha kuongoza moyo.

Tena yafaa tujue ya kuwa umeme ni msaidizi tu. Kidonda hiki kimetokana na uzito wa mwili kuzuia damu; uzito usipoondolewa, hakuna dawa itakayokifunga. Ageuzwe mara kwa mara, mchana na usiku, kidonda kisafishwe, apewe maharagwe, samaki na mayai, kisha apelekwe hospitali wakitazame.

Ndugu Mwalimu, irudishe betri garini. Ukamgeuze baba.