Meya Akipotoka, Raia Wanyamaze?

Wako wanaodhani kwamba kura ikishatumbukizwa sandukuni, kazi ya raia imekwisha hadi uchaguzi mwingine. Nawasihi watazame yaliyotokea Los Angeles, Marekani.

Tangu 1903 wananchi wa mji ule walikuwa na haki ya kumwondoa kiongozi kabla ya muhula wake kwisha. Lakini miaka ya 1930, chini ya Meya Frank Shaw, kamari na madanguro yalistawi mbele ya macho ya polisi, na Joe, nduguye meya aliyekuwa pia katibu wake, alishutumiwa kuuza vyeo. Wengi walijua, na wengi walinyamaza.

Hakunyamaza Clifford Clinton, mwenye mikahawa iliyolisha hata wasio na senti. Mwaka 1937 aliingia katika jopo la raia la uchunguzi. Wajumbe wengi walipokataa kumuunga mkono, yeye na wachache wenzake walitoa ripoti yao wenyewe. Oktoba bomu likalipuka nyumbani kwake. Januari 1938 jingine likategwa garini mwa Harry Raymond, mpelelezi aliyekuwa akifuatilia ufisadi huo. Aliumia vibaya sana, ila Mungu alimnusuru. Na nani aliyetiwa hatiani? Earle Kynette, kapteni wa polisi! Aliyekula kiapo cha kuwalinda raia ndiye aliyewategea baruti.

Hapo mji ulighadhibika, na ghadhabu ile, nashukuru, haikumwagwa barabarani kwa mawe bali ilikusanya saini. Tarehe 16 Septemba 1938 wapiga kura walimwondoa Shaw, wakamweka Jaji Fletcher Bowron, aliyedumu hadi 1953.

Lakini kuondoa peke yake hakutoshi. Seattle ilimwondoa Meya Hiram Gill mwaka 1911, kwa nguvu kubwa ya wanawake waliokuwa wamepata haki ya kura miezi michache tu kabla. Mwaka 1914 mji uleule ukamchagua tena.

Wakenya wanayo haki ya namna hii juu ya wabunge wao, katika Ibara ya 104 ya Katiba ya 2010. Isifanywe fimbo ya walioshindwa uchaguzi. Anayetaka kuitumia aanze alikoanzia Clinton: akusanye majina, tarehe, na mashahidi walio tayari kusimama hadharani, kabla karatasi ya saini haijapitishwa mtaani.