Ufagio Kwanza



Linux ni programu huria iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Ufini. Leo huendesha kompyuta nyingi duniani, na yeyote aweza kuichangia. Lakini wageni wengi hushauriwa kuanza na usafi: kunyoosha mistari ya maandishi yake na kuondoa yasiyotumika. Kila rekebisho hubeba badiliko moja tu, na chini yake mtoaji hutia jina lake, akithibitisha kwamba ana haki ya kulitoa. Mara nyingi msimamizi hulirudisha ili lisahihishwe. Wapo wanaokasirika na kuondoka. Wanaovumilia huijua nyumba nzima kwa kuifagia.

Wengine huona kazi hiyo ni ya kujitafutia jina. Kweli, afutaye asichokielewa huharibu. Ndiyo maana kusahihishwa si aibu, bali ni ulinzi wa wote.

Katika vikundi vyetu, siku ya uchaguzi wagombea hujaa. Siku ya salongo kanisani huonekana watatu. Asiyekubali kurudishiwa kazi ndogo, tutamkabidhije kubwa?